Kiti Alichopewa Bakari

Mahajanga, mtaa wa Tanambao. Jumapili, Oktoba 1963.

Joto. Upepo wa bahari umechelewa kama karani wa serikali, na vumbi la pusipusi, vile vigari vya kuvutwa na watu, limeingia mpaka kwenye bakuli la sukari. Nyumba nzima imelala baada ya Adhuhuri. Mimi siwezi.

Koko amekuwa na adabu. Sijawahi kuogopa kitu kama ninavyoiogopa adabu ya Koko.

Koko ni bibi yangu, mzaa mama. Mama alinifia nikiwa nanyonya, na baba alikwenda kisiwani kwao Ngazija kusalimia ndugu, mpaka leo anasalimia. Kwa hiyo Koko ni bibi kwa damu na mama kwa kazi. Tumeishi wawili tu Marodoka, kule kisiwani Nosy Be, katika nyumba ya mawe ya ukoo wetu, yenye mlango wa nakshi na paa linalovuja. Kwetu nyumba ni ya wanawake. Yeye aliipata kwa mama yake, mimi nitaipata kwake, na mwanamume atakayenioa ataingia humo na sanduku lake. Ndiyo maana ndoa yangu inawakosesha usingizi hata watu wasionipenda.

Bakari ni mtani wetu. Ukoo wake ni Wamakua, walioletwa kisiwani na vyombo vya wafanyabiashara, na baadhi ya wafanyabiashara hao, nalisema polepole, walikuwa babu zangu. Bibi wa bibi yake alifagia ua wetu bila kuulizwa kama anapenda kufagia. Kilichobaki baada ya aibu ile ni utani. Wao wanatutukana, sisi tunawatukana, na hakuna mwenye ruhusa ya kukasirika. Babu alipofariki, mama yake Bakari aliingia msibani, akapanda kitanda cha marehemu, akajifunika shuka na kutangaza kwamba haondoki mpaka apewe kuku, kwa sababu marehemu alikuwa mchoyo na leo hawezi kukataa. Watu waliokuwa wakilia wakacheka. Koko alicheka mpaka akapaliwa, mjane wa siku moja. Ndiyo kazi ya mtani.

Basi Bakari nimemwona akiingia uani kwetu tangu nina meno ya utoto. Koko akisikia hatua zake tu, anaanza.

"Mali yangu imerudi. Nani kaifungua kamba?"

"Nimekuja kukagua nyumba yangu. Mawe haya nani aliyabeba, wewe?"

Mwaka tulipopata uhuru alikuja na kofia mpya, akamweleza Koko kwamba sasa wote ni raia. Koko akamtazama kuanzia kofia mpaka vidole vya miguu. "Uhuru huo wamekupa Wafaransa. Mimi wangu sijakupa. Chota maji."

Akachota. (Haya yote wao waliyasema kwa Kibuki, lugha ya huku, kilichochanganywa na Kingazija, na kule yanachekesha zaidi. Mimi naandika Kiswahili, nilichojifundisha kwenye vitabu vya dini vya Babu, kwa sababu katika nyumba hii hakuna anayekisoma.)

Mimi na Bakari tunapendana, na penzi letu tumelificha mbele ya watu wote.

Kila akija Marodoka alikuwa akisimama katikati ya ua, jirani wakiwepo, na kusema, "Koko, nipe Echati nimuoe." Ua mzima unacheka. Koko anauliza, "Mahari utatoa nini, meno yako? Hata hayo yamebaki machache." Naye anajibu kwamba ataleta meno ya mama yake pia. Mimi nilikuwa nikicheka kuliko wote. Mtu akitaka kuficha kitu Marodoka, akiweke ndani ya utani. Hakuna atakayekitafuta humo.

Wakati ule alikuwa akiziba mitambo ya shaba ya kukamulia mafuta ya langilangi, na alikuwa akinukia kuliko bibi harusi yeyote kisiwani. Mwaka jana akavuka kuja Mahajanga, kwenye karakana ya bandarini. Aliniambia anataka siku atakayouliza bila kucheka awe na mahali pa kusimama.

Kisha mwezi jana Mjomba Shebani akatuita.

Mjomba ni mtoto wa kiume wa pekee wa Koko. Anauza vitambaa, na anautamani mstari wa mbele msikitini kama wengine wanavyoitamani pepo. Kwa desturi yetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya binti wa dada yake. Alisema tuje Mahajanga Koko atazamwe macho. Nilishuku pale pale. Koko anaona sindano iliyoanguka nyumba ya pili. Na huyu Koko, ambaye hakuondoka kisiwani hata mdogo wake alipoolewa, alifunga mizigo bila kulalamika. Ndani ya mizigo nikaona shuka la harusi, lile la kurithishana. Shuka la harusi na macho vina uhusiano gani?

Tumefikia hapa Tanambao kwa Mama Mkubwa Zaliha, dada yake mama. Mganga wa macho hajaonekana. Aliyeonekana ni Nurdini wa forodha, mwana wa rafiki yake Mjomba, shati jeupe, kalamu tatu mfukoni. Alipita barabarani mara kadhaa akitazama nyumba kwa makini, kama anayeukadiria ushuru wake. Mjomba haachi kusema neno "kufu". Fulani ni kufu yetu, fulani si kufu yetu. Analisema akitazama dari, nami ndiye ninayesikia.

Ijumaa, baada ya sala, Bakari akaja. Alikuwa na samaki wawili wametungwa kwa ukindu. Aliingia uani kama anavyoingia siku zote, akapaza sauti.

"Koko, nimekuja kuchukua mke wangu na nyumba yangu. Wewe utalala jikoni."

Nikasubiri tusi. Nilikuwa hata nimeanza kucheka, ili niwe tayari.

Koko akavuta shali yake akafunika kichwa. Akainuka kwenye mkeka, akasimama pembeni, akatazama chini.

"Karibu, baba. Echati, mletee kiti."

Kiti.

Bakari hajawahi kupewa kiti na Koko. Amewahi kupewa ndoo, mchi, na mara moja mtoto wa jirani amshike. Nilileta kiti. Akakaa ukingoni kama mtu aliyeitwa polisi. Koko akamwuliza hali ya mama yake, hali ya kazi, hali ya afya, kila hali na "alhamdulillahi" yake. Chai ikaja kwenye kikombe chenye kisahani, kile cha wageni. Nilijaribu kumsoma Koko uso, lakini alikuwa amejipaka liwa, na uso wenye liwa iliyokauka hauna habari yoyote. Mwenyewe hakugusa chai wala andazi. Alijibanza nyuma ya pazia mpaka mgeni alipoaga.

Mgeni. Naandika neno hilo na kalamu inakwama.

Bakari aliacha nusu kikombe.

Jana nikamkuta sokoni, kwenye vitunguu. Nilikuwa nimeshika kuku kichwa chini, na sisi watatu hakuna aliyekuwa na raha.

"Amejua," akasema.

"Labda alikuwa anaumwa."

"Koko akiumwa ananitukana zaidi. Echati, miaka yote hii nimeitwa mwizi, mali, mbuzi wa kukopwa, na kila mara nilitoka pale nikijua ni kwetu. Jana nimefukuzwa. Nimefukuzwa kwa kiti."

"Mwulize basi."

"Nimwulize nani? Yule aliyeniambia karibu baba? Mtu anakupa adabu kama hana kingine cha kukupa." Akamtazama kuku. "Kuna kazi Diego, bandari ya kaskazini. Meli inaondoka Jumatatu asubuhi. Fundi mkuu ananiulizia, nami nilikuwa nakataa. Leo nimekubali."

Jumatatu ni kesho.

Sikulia. Nilimwambia vitunguu vya mahali pale ni vikali sana, naye akasema ndiyo, ni vikali.

Tangu jana nawashuku watu wote. Namshuku Mama Mkubwa, ambaye ananitazama na kutabasamu kama mtu aliyefunga mlango kwa nje. Namshuku Mjomba, lakini huyo namshuku hata akiwa amelala. Kuna mtu kamwambia Koko kwamba ule utani haukuwa utani, na Koko ameukata. Kwetu mtu akitaka kumtupa mtani wake hamgombezi. Anamwamkia vizuri. Nimelifikiria kwa pande zote, na sioni upande wa tano.

Naacha. Kuna mtu anabisha hodi.

*

Naendelea. Imekaribia Magharibi, na upepo umefika hatimaye, umeleta harufu ya kamba wakavu na ya kila mtu.

Aliyebisha hodi alikuwa Bwana Hamadi, mume wa Mama Mkubwa. Ananunua mpunga Marovoay, na tangu tufike hapa alikuwa huko huko. Ameingia na magunia na kicheko kikubwa, mwili kama mlango. Koko alikuwa uani anachambua mchele.

Akavuta shali akafunika kichwa. Akainuka kwenye mkeka, akasimama pembeni, akatazama chini.

"Karibu, baba," akasema. "Zaliha, mletee mumeo kiti."

Mimi nilikuwa mlangoni. Nimesimama pale mpaka Mama Mkubwa akaniuliza kama nimegeuka nguzo.

Chakula kilipoletwa, Koko hakula mbele yake. Aliingia nyuma ya pazia na sahani yake. Alipotaka chumvi alisema, "Mwambieni yule baba asogeze chumvi." Jina lake hakulitaja. Nikamwuliza Mama Mkubwa jikoni, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama Koko na Bwana Hamadi wamegombana.

"Wagombane kwa nini? Ni mkwe wake. Tangu anioe hajawahi kumwona mama akitafuna. Wewe umelelewa wapi?"

Nimelelewa Marodoka, katika nyumba ya wanawake wawili, isiyo na mkwe wa kuvutiwa shali. Ningejulia wapi?

Lakini sikuruka wala kushangilia. Mimi si mtu wa kushangilia mapema. Nilijiambia, adabu ni adabu, mgeni na mkwe wanaweza kupewa kiti kile kile. Nikakaa na shaka yangu, nikaipepea.

Halafu baada ya Alasiri Mjomba akaja na Nurdini.

Alikuja naye rasmi, pamoja na wazee wawili wa msikitini wawe mashahidi, wote kanzu zimepigwa pasi. Koko ndiye mama wa nyumba, na kwa desturi binti hawezi kuombwa bila yeye kuwepo. Mkeka ukatandikwa uani. Vikombe vyenye visahani vikapangwa. Mimi nikafichwa chumbani, nyuma ya dirisha lenye mianzi, mahali pazuri kuliko pote pa kuonea.

Koko akatoka. Nilitazama shali yake tu, sikutazama kitu kingine.

Shali ilikuwa mabegani. Ikabaki mabegani.

Akaketi katikati ya mkeka, akakunja miguu, akachukua andazi na kulitafuna mbele yao wote. Kisha akamtazama Nurdini.

"Shebani, huyu ni mtu au ni kibweta cha kalamu?"

Mjomba akakohoa. Nurdini, maskini, akacheka. Ni kijana mwenye moyo mzuri, sina la kumsema zaidi ya zile kalamu.

"Njoo hapa, mbuzi wangu wa forodha," Koko akaendelea. "Tatu zote za nini? Moja ya kuandikia, moja ya kujikunia mgongo, na ya tatu?"

"Ya tatu ya kumwandikia bibi talaka," Nurdini akasema, amefurahi kabisa. "Na wewe, bibi, umebakiza meno mangapi?"

"Ya kukutafuna yapo. Chota maji, nina kiu."

Akainuka akachota. Aliona amependwa. Alirudi na kata ya maji anachekelea, Koko akanywa na kumrushia yaliyobaki miguuni, naye akacheka zaidi. Mjomba alikuwa amekuwa rangi ya ufuta.

Mmoja wa wale wazee akaweka kikombe chake chini taratibu.

"Shebani," akasema, "hukutuambia kuwa kijana huyu ni mtani wa mama yako."

"Si mtani," Mjomba akasema.

"Sasa ni mtani. Amemtukana, na mwenyewe amejibu, sisi tumesikia. Mama wa mke na mkwe hawahesabiani meno. Tunywe chai tu, tumshukuru Mungu kwa kuonana."

Wakanywa chai tu. Maneno ya posa yalibaki mfukoni mwa Mjomba. Alipokuwa akiondoka aliinama sikioni kwa Koko, na nikasikia lile neno lake, kufu. Koko akamjibu kwa sauti ya kawaida, bila kumficha mtu. "Nyumba ile ni yangu, mwanangu. Anayeingia humo namjua mimi."

Mjomba atarudi. Namfahamu. Atarudi na wazee wengine na kijana mwingine, na safari hii atamkagua kwanza kama anajibu matusi.

Wageni walipokwisha kuondoka nikamkuta Koko chumbani anasaga liwa kwenye jiwe lake. Nikakaa nikamsaidia. Nilikuwa nimepanga kumzunguka kidogo kidogo, lakini meli haizunguki.

"Koko, Bakari anaondoka kesho asubuhi. Anakwenda Diego. Anadhani umemfukuza."

"Nani?"

"Bakari."

Akaendelea kusaga kama sijasema kitu. Nikaelewa.

"Yule baba," nikasema.

"Ah." Akatia matone mawili ya maji kwenye jiwe. "Yule baba hakumaliza chai yake. Si vizuri kuacha chai."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Nikuambie nini? Nilikuomba ulete kiti, ukaleta. Nilidhani una macho."

Kisha akasema, bila kunitazama, jambo ambalo nitalibeba muda mrefu.

"Umenichukulia mtani wangu, mjukuu. Nilikuwa na mmoja tu wa kunichekesha, na sasa nikimwona itabidi nijifunike nimwulize hali ya afya yake, mpaka nife. Na siku nikifa nani atapanda kitandani kwangu kudai kuku? Mama yake? Mama yake sasa ni mkwe mwenzangu. Itabidi alie kama watu wengine."

Liwa ilikuwa haijapakwa bado. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa niliuona uso wake, ukiwa na habari zote, na nikatamani ajipake haraka.

Alipotoka kutawadha, nilimsikia uani, kwenye pipa la maji, akisema peke yake, kwa sauti ndogo, "Mali yangu. Mwizi wa mawe." Halafu akasukutua.

Sasa nimekaa na nimeipekua miaka yote, kila ziara, kila tusi. Alimtukana meno, kofia, miguu na ukoo mpaka babu wa saba. Bakari aliomba mbele ya watu, na kila mara Koko aliuliza mahari atatoa nini. Sikumbuki hata siku moja aliyosema hapana. Na lile shuka la harusi, nani alilikunja akalitia kwenye mzigo? Si Mjomba.

Mimi niliyejiona mjanja, niliyelificha penzi ndani ya utani. Ninaanza kushuku kwamba nililificha mahali ambapo mtu mwingine alikuwa ametangulia kukaa.

Mama Mkubwa amekubali kuniazima kile kikombe cha wageni. Hakuuliza ni cha nini, ametabasamu tabasamu lake lile, na kwa mara ya kwanza nadhani alikuwa anatabasamu tu.

Jua likichomoza nitashuka bandarini, kikombe mkono mmoja, kisahani juu yake chai isimwagike. Ataniona nakuja na atadhani ni adabu nyingine ya kumaliza kabisa. Nitakuwa na muda mpaka meli ipige honi kumweleza mwanamume aliyezoea kupendwa kwa matusi kwamba amepewa kiti kwa sababu kitakuwa chake, na kwamba bei yake ni kutomchekesha tena yule bibi kizee.

Akiniuliza kama Koko amekubali, nitamwambia nini? Hakusema neno. Alisema chai.

Na ikiwa ataona bei ni kubwa?